Ndimu Juu ya Marumaru

Nyumba yetu ya Ilford, London, tuliinunua meko yake ya sebuleni ikiwa imepakwa rangi ya mafuta ya kijani, kijani ile ya milango ya zahanati. Mimi ni mtu wa Mombasa. Kwetu hakuna mwenye akili timamu anayewasha moto sebuleni, kwa hiyo kitu kile sikukipa heshima yoyote. Nguzo mbili pembeni, rafu juu, na katikati shimo ambalo mwenye nyumba mmoja alilitia hita ya gesi na aliyemfuata akaiua. Pembe ya kushoto ya rafu ilikuwa imemeguka. Nyufa zilikuwa tano. Nilipozihesabu tena, tumeshakabidhiwa funguo, zikawa sita, na hilo sijamsamehe dalali mpaka leo.

Kwa miaka kumi na moja niliweka juu yake chaja za simu, barua za baraza la mji na chupa za dawa ya kikohozi. Haikunisumbua hata siku moja. Ilianza kunisumbua wifi yangu alipotia ya kwake.

Wifi yangu ni dada mkubwa wa mume wangu. Anakaa Hayes, karibu na uwanja wa ndege, na amefanya kazi ya ghala huko mpaka wamempa cheo cha kusimamia wenzake. Tangu apewe hicho cheo anatembea kama anayesimamia na barabara. Meko yake ilikuja mpya ndani ya sanduku, nyeupe pepe, na vijana wawili wa kuifunga, asubuhi moja tu ikawa tayari. Ndani ina moto wa umeme: ndimi zacheza, jivu hakuna. Nilipoiona mara ya kwanza nilisema "Mashallah" kwa sauti, kama inavyopasa, na papo hapo macho yakaanza kutafuta kasoro. Sikuipata. Nikajifanya nimeangusha pete nikainama nitafute kwa chini. Kwa chini pia hakuna.

Toka hapo, Idd ikawa ni Hayes. Mtoto akihitimu, Hayes. Mgeni akitoka nyumbani, apelekwe Hayes akaone. Nilihesabu picha za Idd katika simu ya binti yangu: ishirini na tatu mbele ya meko ya shangazi yake. Za kwangu zilikuwa mbili, na moja ilikuwa ya mita ya gesi, aliipiga apeleke tarakimu kwa kampuni.

Mtu akikwambia hana wivu na wifi yake, muulize kwanza kama anaye wifi.

Basi siku moja binti yangu, ambaye ni muuguzi, akarudi kazini, akavua viatu, akakaa kwenye ngazi. Akaniambia kuna kijana, na watu wa kijana wanataka kuja na barua ya posa. Nikapiga kigelegele. Nilikuwa navuta pumzi ya kigelegele cha pili aliposema, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba amefikiria wapokelewe kwa shangazi. Kule pazuri zaidi.

"Na hapa ni wapi?" nikamuuliza. "Stendi ya basi?"

"Mama, usianze."

"Sijaanza. Nikianza utajua."

Wala hakuwa anavunja mila, na hilo ndilo lililonichoma. Kwetu shangazi ana haki yake katika posa. Yeye ni damu ya baba, na barua ikipokelewa nyumbani kwake hakuna wa kulaumu. Wageni wangekula, wangeomba dua, wangesema nyumba ile imemlea binti vizuri. Nyumba ile! Mimi niliyemlea ningekuwa nimekaa pembeni, nimeshika sahani ya kachumbari ya mwenzangu.

Nikamwomba wiki tatu nitengeneze sebule. Akasema moja. Nikasema mbili na nusu. Akasema mbili, hazizidi, maana wale watu wanataka jibu. Huyo nimemzaa mimi. Tukakubaliana: Jumapili ya wiki ya pili, sebule ikiwa tayari watakuja Ilford, isipokuwa tayari itakuwa Hayes, na mimi nisinune. Hilo la kutonuna alinirudisha nyuma nilitamke mara mbili.

Baba yake nilimwomba hukumu. Yeye ni dereva wa basi. Kutwa nzima hupitisha basi la ghorofa mbili katikati ya London bila kugusa mtu, na akirudi nyumbani hufanya vivyo hivyo.

Fundi nilielekezwa na mama mmoja wa Kikongo tunayekutana naye kwenye foleni ya nyama. Mtu wa Bukavu, makamo, mikono mikavu kama chokaa, kazi yake kung'arisha mawe ya meza za jikoni. Aliingia, akasalimu, akapiga magoti mbele ya meko, akakwangua rangi kwa ncha ya ufunguo. Chini ya kijani kulikuwa na rangi ya maziwa. Chini ya maziwa, nyeusi. Chini ya nyeusi ukatoka weupe wenye mshipa wa kijivu.

"Mama," akasema, "hii ni jiwe ya kweli. Muzuri sana."

Fundi anayesifu mali yako kabla ya kutaja bei ujue yuko ngazini anapanda. Nikamwambia, "Jiwe gani, fundi. Limeoza hilo."

"Mia nne."

"Mia mbili."

"Mama, iko na nyufa tano!"

"Sita," nikasema, kabla sijakumbuka niko upande gani wa mapatano.

Akacheka mpaka akashika nguzo. Tukaishia mia tatu na chakula cha mchana, naye akaweka sharti chakula kiwe cha kupikwa, si mkate.

Kabla hajaanza nilimwonyesha picha ya meko ya wifi yangu, nikamwambia nataka ing'are kuliko hii. Akaivuta ile picha kwa vidole viwili, akaitazama, akanirudishia simu.

"Hii haitoke ku mulima, mama. Hii ni unga ya jiwe na gundi. Wanamimina kama uji."

"Kama nini?"

"Kama uji."

Nilisikia vizuri mara ya kwanza, nilitaka tu kusikia tena. Siku ile alikula pilau sahani mbili, na ya pili sikuombwa.

Akapaka dawa nzito kama mtindi meko nzima, akaivisha nailoni, akaondoka. Kesho yake alipoivua, rangi za miaka yote zilimwagika kwenye magazeti kama ngozi ya nyoka. Nikaona kitu nilichoishi nacho bila kukijua: nguzo zilikuwa na michirizi iliyochongwa kwa mkono, na chini ya rafu kulikuwa na majani matatu ya mawe, membamba, unadhani yatapeperuka. Akaziba nyufa kwa gundi aliyoichanganya na unga wa marumaru. Pembe iliyomeguka akaijenga upya kwa kipande alichokitoa kazini kwake, mshipa wake wa kijivu ukaungana na wa zamani kama mto na mkono wake. Nilikuwa naamka asubuhi naipapasa kabla ya kuweka chai.

Jumatano akasema amebakiza kazi moja. Juu ya rafu palikuwa na waa la manjano, la moshi au la chai ya mtu aliyekwishakufa. Hilo angeliondoa Jumamosi kwa dawa yake.

"Hapana weka kitu hapa, mama. Maji tu. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Maji tu."

"Fundi, mimi si mtoto."

Alhamisi wifi yangu akaja kuona. Hakualikwa, lakini wifi haalikwi. Akasimama mbele ya meko na mkoba begani, akasogea, akarudi nyuma, akasogea tena, nami nikazihesabu zile hatua, zilikuwa nyingi, tamu. Kisha akasema, "Mashallah, wifi. Hii ilikuwa imejificha wapi?"

Nilikuwa nimemwekea neno langu siku tisa. Nikalitoa polepole. "Fundi asema ya kwako si marumaru khasa. Ati ni unga na gundi. Humiminwa kama uji."

"Najua," akasema. "Ya kweli sikuiweza bei."

Basi. Hivyo tu. Kisu nimekinoa siku tisa, nachoma, kumbe nachoma maji. Akaendelea kuitazama meko, akapitisha kidole juu ya rafu kama anayekagua ghala, na kidole kikasimama penye waa.

"Lakini hapa bado pana manjano. Wageni wa posa huona kila kitu, wifi. Ikishindikana usijitese, kwangu pako tayari. Nishanunua hata vikombe."

Vikombe! Nilimsindikiza mpaka mlangoni huku natabasamu kwa meno yote. Nikafunga mlango, nikaenda moja kwa moja jikoni kwenye kapu la ndimu.

Anayetoka kwetu hahitaji kuelezwa. Bibi yangu alikuwa na masinia ya shaba manane, na kila Idd ikikaribia tuliketi uani tukiyasugua kwa ndimu na majivu mpaka tukajiona meno ndani yake. Samaki huoshwa kwa ndimu. Mikono iliyochambua dagaa, ndimu. Sijapata kuona uchafu wa pwani ulioishinda ndimu, sembuse waa la chai la Mwingereza. Fundi ni mtu wa milimani, nikasema moyoni, atajua nini. Majivu sikuwa nayo, nikachukua chumvi.

Nilipokamua ya kwanza juu ya waa ikatoa povu dogo, linachemka tsii. Nikafurahi, nikajua uchafu unatoka. Nikasugua. Waa likafifia, lakini penyewe pakawa na rangi tofauti na pengine, basi nikasugua rafu nzima ili ilingane. Rafu ikawa tofauti na nguzo, nikashuka nguzoni, ya kulia kisha ya kushoto. Ndimu kumi na moja. Sebule ikanukia vizuri, nikasuuza, nikaenda kuswali alasiri.

Niliporudi ilikuwa imekauka. Ule mng'ao aliouleta fundi kwa siku tatu haukuwapo. Jiwe lilikuwa limefubaa kama chaki iliyolowa, na juu yake njia zote za mkono wangu zilionekana, mizunguko kwa mizunguko, kama mtu aliyepangusa dirisha lenye mvuke. Nikaligusa. Lilikuwa linakwaruza kama ulimi wa paka. Nikatia mafuta ya nazi, likang'aa kwa dakika tano kisha likayanywa.

Mume wangu alipoingia alitazama meko, akanitazama mimi, akapanda ghorofani.

Jumamosi fundi alisimama mlangoni na ndoo yake hajaiweka chini.

"Mama. Nani alikula hii jiwe?"

Naapa nilikuwa nimepanga kusema kweli. Nilikuwa hata nimeipanga sentensi. Lakini mdomo wangu umezoea sokoni, hauningojei.

"Wifi yangu," nikasema. "Alikuja Alhamisi. Na ndimu zake."

"Ndimu!" Akaweka ndoo chini. "Ndimu inakula marumaru, mama, kama vile mchwa inakula mbao. Huyu wifi anakuchukia?"

"Sana."

Akatikisa kichwa, akaniwekea mkono begani. Nikapokea pole ambayo haikuwa yangu, nikaona hata inanifaa.

Lakini pole haisugui jiwe. Alisema kila mahali palipoguswa na ndimu lazima pashushwe kwa msasa na maji, msasa wa kukwaruza kwanza, kisha laini, kisha laini zaidi, daraja sita, ndipo unga wa kung'arishia. Mashine ingefanya rafu. Michirizi ya nguzo na yale majani ni vidole tu. Peke yake angemaliza Jumanne. Tukiwa watu wanne, labda magharibi.

"Nina mikono miwili," nikamwambia.

"Naiona, mama. Miwili tu."

Mume wangu alikuwa zamu. Binti yangu alikuwa amesimama kwenye ngazi, amesikia yote, sare ya kazi bado mwilini. Akapanda chumbani na simu, nikamsikia anaongea kwa sauti ya chini, nami nikajua: anahamisha wageni. Nikachukua msasa, nikapiga magoti kwenye nguzo ya kulia, nikaanza kusugua. Nilisugua kama anayeosha maiti.

Haikupita saa mbili kengele ikalia. Wifi yangu. Alikuwa amevaa dera kuukuu na glavu za kazini, na mkononi alikuwa na vipande vya sponji vya kuwekea magoti. Viwili. Amepanda treni mbili kutoka Hayes navyo.

Fundi akageuka, akamtazama juu mpaka chini.

"Ni weye mama ya ndimu?"

Wifi yangu akanitazama. Mimi nikazitazama mbao za sakafu, kutoka meko mpaka mlangoni ni kumi na saba. Nikazihesabu kurudi.

"Ndiyo," akasema. "Ni mimi. Nisamehe, fundi. Kwetu ndivyo tunavyosugua shaba."

"Hii si shaba!"

"Sasa nimejua."

Akanitupia sponji moja, akapiga magoti kwenye nguzo ya kushoto. Binti yangu akashuka, akakaa katikati kwenye yale majani matatu, na tukafanya kazi. Siku nzima fundi alimwandama yule mtu. Mama ya ndimu, ongeza maji. Mama ya ndimu, polepole, si sufuria hii. Naye anajibu haewala, fundi, haewala. Ilipofika adhuhuri binti yangu alikuwa anacheka mpaka anafuta machozi, kichwa kwenye bega la shangazi yake, na fundi anamkatia mama ya ndimu kipande kikubwa cha kuku, anasema muntu anayekubali kosa yake ni muntu. Nilikaa upande wangu wa kulia nikitafuna. Hata tusi langu lilimpendeza. Nilimvisha uongo wangu mwenyewe, na ulimkaa kuliko unavyonikaa mimi. Nilipitisha kidole kwenye nguzo yake alipokwenda kuswali. Ilikuwa laini kuliko yangu.

Alasiri nikamfuata jikoni. Alikuwa anasuuza misasa.

"Kwa nini ulikubali?"

"Ulitaka nikatae mbele ya mtoto?"

"Ungekaa tu Hayes, wifi. Ungekaa tu. Kesho wangekuja kwako."

Akafunga bomba. "Mimi nina wavulana watatu," akasema. "Kazi yangu ni kubeba barua kupeleka majumbani kwa watu. Nishabeba mbili. Nasimama mlangoni kwa mtu na sinia la halua, natazamwa mpaka kisigino. Kwangu haitakuja barua hata moja, wifi. Hii ndiyo ingekuwa ya pekee."

"Basi si ndiyo nasema—"

"Sikiliza. Mtoto amenipigia analia. Angeniambia wageni wahamie kwangu, wallahi nisingekuja na glavu, ningekuwa saa hizi natia sukari kwenye maandazi. Hakusema hivyo. Amesema, 'Shangazi, Mama amejiharibia, njoo tumsaidie.' Kwa Kiswahili, wifi. Kile chake cha kuokota."

Nikasimama na kitambaa cha vyombo mkononi. Ningepaswa kuguswa, na niliguswa, sisemi uongo. Lakini lililotangulia kunichoma ni jingine: binti yangu hajanisemesha Kiswahili kwa hiari yake tangu yuko darasa la tatu. Shangazi yake alikipata kwa simu moja.

"Barua upokee wewe," nikasema. Nikashangaa nani amesema.

"Mimi?"

"Sinia la barua. Wakiingia, upokee wewe. Lakini kikao ni kwangu, na wewe hukai kiti cha katikati."

"Na siku ya kumsugua biharusi singo iwe Hayes."

"Wifi, usinizidishie."

"Nusu siku."

"Tutaona."

"Na vikombe nitakuja navyo vyangu," akasema, akachukua misasa akarudi sebuleni.

Fundi aliondoka jua linatua. Rafu iling'aa, majani yaling'aa. Nguzo ya kulia chini ilibaki imefubaa kidogo, muda haukutosha, nikasogeza mto wa kukalia pale mbele.

Jumapili wakaja saa nane, watu saba tulioambiwa na wawili ambao hatukuambiwa. Mume wangu aliwakalisha. Hakuna aliyeisifu meko. Baba wa kijana aliiegemea tu, kama mtu anavyoegemea kitu kilichokuwapo siku zote, na nadhani hapo ndipo nilipolipwa. Mama wa kijana alikuwa na sinia lililofunikwa kitambaa cha tarizi, chini yake halua, udi na bahasha. Akatazama huku na huku ampe nani. Wifi yangu akainuka. Alilipokea kwa mikono miwili, mikono ile iliyoinua makasha ya ghala miaka yote. Akafungua mdomo atoe salamu za nyumba, yakatoka machozi.

"Mashallah," mama wa kijana akasema, akamshika mkono. "Huyu binti amelelewa na watu wenye mapenzi."

Binti yangu akaenda akasimama kando ya shangazi yake, akamfuta uso kwa ncha ya mtandio. Nilikuwa nyuma yao, hatua mbili. Nilitaka kulinyakua lile sinia, nasema kweli, nilitaka kulinyakua mbele ya wageni wote tisa. Lakini mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika birika, na chai ilikuwa ya moto, na wageni walikuwa bado hawajanywa. Nikaanza na mama wa kijana. Kisha nikammiminia wifi yangu, kikombe chake mwenyewe, nikakijaza mpaka ukingoni.